Walipohesabiwa, Asaheli Hakuwepo

Somo: 2 Samweli 2:18–32, 3:26–30, 1 Nyakati 27:7

Yoabu, jemadari wa Daudi, tunamjua wengi. Ndugu yake Asaheli tunampita haraka kwa sababu alikufa mapema. Alikuwa kijana wa mbio sana. Katika vita vya Gibeoni alimfukuza Abneri, akaonywa mara mbili ageuke, akakataa. Abneri akamchoma mkuki tumboni, akafa palepale. Kila aliyefika mahali alipoanguka alisimama.

Sasa angalia kilichofuata. Yoabu aliwakusanya watu wake akahesabu: wamepungua 19, na Asaheli. Mimi nilisomea biashara, na mtu wa hesabu angeandika 20 akafunga kitabu. Biblia haikufanya hivyo. Huyu mmoja ametajwa kwa jina. Halafu wakambeba hadi Bethlehemu, wakamzika katika kaburi la baba yake. Sisi watu wa Migori na Homa Bay hatuhitaji kuelezwa uzito wa mtu kuzikwa kwao.

Naandika haya nikikumbuka El Adde. Alfajiri ya 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu huko Gedo, Somalia. Wengi wa waliokuwa pale walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles cha Eldoret. Tarehe 27 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta alihudhuria ibada ya kumbukumbu huko Eldoret, pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA. Mwaka mmoja kamili baadaye, 27 Januari 2017, ikawa Kulbiyow. Na kwa El Adde, serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Kila nyumba ilijua nani hayupo, lakini taifa halikuambiwa ni wangapi. Yoabu, pamoja na makosa yake yote, alihesabu mara moja.

Na makosa yake yalikuwa makubwa. Baadaye alimvuta Abneri kando langoni pa Hebroni, kama mtu mwenye neno la siri, akamuua kwa ajili ya damu ya Asaheli. Daudi alikataa katakata kuhusika. Nasema hili kwa sababu nimesikia watu wetu, hata waliookoka, wakisema eti kila Msomali alipe. Yule anayekuuzia nguo mjini hakumuua mtu. Wapo pia wanajeshi Wasomali waliokufa wakipigana na al-Shabaab haohao.

Turudi kwa Asaheli. Daudi alipopanga majemadari wa zamu za kila mwezi, mwezi wa nne ni wa Asaheli, na baada yake mwanawe Zebadia. Kumbe kijana yule aliacha mtoto! Na mtoto huyo hakupotea. Alikua, akashika nafasi ya baba yake, na jina la baba likabaki kwenye orodha.

Hapa ndipo sisi tunapoanguka. Mazishi tunayaweza sana: hema, ng'ombe, bendera juu ya jeneza, wanasiasa kwenye maikrofoni. Miezi sita baadaye mjane anazunguka ofisi peke yake na cheti cha kifo, huku shemeji wanauliza malipo yametoka lini. Wazee wangu, naomba niseme kwa heshima. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtanguliza mjane na watoto. Pesa za marehemu si nyama ya matanga kwamba kila aliyekuja apate kipande. Na wewe dada yangu, usitie sahihi karatasi yoyote usiyoielewa, hata kama aliyeileta ni mkubwa wa boma. Njoo nayo kanisani tuisome pamoja, mstari kwa mstari. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitafute sasa, kabla hujaulizwa.

Siku ya KDF ni 14 Oktoba. Jumapili iliyo karibu nayo tutasoma majina katika ibada. Aliyefiwa na mwanajeshi, awe alianguka El Adde, Kulbiyow au kwingineko, alete jina kamili kwa katibu wa kanisa. Chini ya jina hilo andika watoto aliowaacha, umri wao, na darasa waliko sasa.