Mtoto Mgonjwa Asingoje Mzazi Arudi



Hapa Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, wazazi wengi huvuka alfajiri kwenda sokoni, wakiwaacha watoto kwa jirani anayelea nyumbani kwake. Humo chumbani, mmoja akihara wote wamo hatarini. Tunawasihi mzingatie haya:

Kwanza, mlezi anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila amalizapo kumsafisha mtoto, na kabla ya kugusa chakula.

Pili, mzazi aoneshe kadi ya chanjo. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9.

Tatu, mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anyonyaye aendelee kunyonya.

Nne, macho yakididimia, au mtoto akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Walezi wengine husita, wakihofia kuulizwa mtoto ni wa nani. Hofu hiyo huua. Kwa hiyo, kila asubuhi mzazi aache karatasi yenye jina la mtoto, umri wake, nambari ya simu inayopatikana ng'ambo, na jina la jamaa aliye karibu.

Karatasi hiyo ndiyo ruhusa ya mlezi kutenda bila woga.