SURA YA 9: GARI LENYE BETRI MBILI

Ukipita katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, kisha ukateremka upande wa Gerezani, utaona maduka mengi yauzayo vipuri vya magari. Karibu na maduka hayo mafundi huinamia injini tangu asubuhi hadi jioni. Baadhi ya magari yanayotengenezwa ni yale ya kwendea porini, kama vile Land Rover na Land Cruiser. Magari ya namna hiyo hupeleka watalii Mikumi, hubeba wapima ardhi, na hupeleka chanjo katika zahanati zilizo mbali na barabara ya lami.

Fundi akifunua boneti ya gari kama hilo, tazama kwa makini. Pengine utaona betri mbili badala ya moja. Je, kwa nini gari moja lihitaji betri mbili?

Kazi ya betri katika gari

Dereva anapogeuza ufunguo, umeme hutoka katika betri na kuizungusha starta. Starta ndiyo inayoiamsha injini. Kazi hiyo ni nzito. Starta hutumia mamia ya ampea, lakini kwa sekunde chache tu. Injini ikiisha kuwaka, huzungusha kwa mkanda mashine nyingine iitwayo alternata. Alternata huzalisha umeme na kuurudisha katika betri. Hivyo betri hutoa umeme mwingi kwa muda mfupi, kisha hujazwa tena gari linapokwenda.

Sasa fikiri juu ya gari la chanjo lililolala porini. Injini imezimwa, kwa hiyo alternata haizunguki. Lakini ndani ya gari mna jokofu dogo linalofanya kazi, taa inawaka, na redio ya mawasiliano imefunguliwa. Vyote hivyo vinakula umeme wa betri ile ile moja. Kunapokucha, dereva anageuza ufunguo. Anasikia "tik!" halafu kimya. Betri imekwisha nguvu.

Mjini jambo hili ni usumbufu tu. Vijana wanne watalisukuma gari na litawaka. Porini, katika mchanga au tope la masika, gari la tani mbili na zaidi halisukumiki. Tena chanjo nyingi zapaswa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Jokofu likisimama kwa muda mrefu, chanjo huharibika, na watoto waliokuwa wakizingoja hurudi nyumbani bila kuchanjwa.

Tufanye hesabu. Betri nyingi huandikwa ubavuni kiasi cha umeme ziwezacho kutunza, kwa kipimo cha ampea-saa. Tuseme betri yetu ni ya ampea-saa 100, na jokofu linatumia ampea 4. Tukigawanya 100 kwa 4 tunapata saa 25. Lakini betri ya gari haifai kutumiwa hata ikaisha kabisa, kwa kuwa huharibika. Tukitumia nusu yake tu, tunabakiwa na saa 12 na nusu. Huo ni usiku mmoja. Ukiongeza taa na redio, hata usiku hautimii.

Ndani ya betri mna nini?

Betri ya namna hii ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa aitwaye Gaston Planté. Mpaka leo misingi yake haijabadilika. Ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri imegawanyika katika vyumba sita. Kila chumba hutoa volti 2 hivi, na vyote kwa pamoja hutoa volti 12.

Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba. Umeme hutoka upesi na kwa wingi, kama watu watokao katika ukumbi wenye milango mingi. Betri iliyotengenezwa kwa ajili ya jokofu na taa ina mabamba manene. Hiyo hutoa umeme polepole kwa saa nyingi, na hustahimili kupungukiwa nguvu mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, ukimpa mnyama mmoja kazi ya punda na ya farasi wa mbio, hutapata kazi nzuri ya upande wowote. Afadhali betri mbili, kila moja na kazi yake.

Usichanganye jambo hili na malori. Malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana, chanya ya moja na hasi ya nyingine, ili kupata volti 24. Hizo hufanya kazi moja kwa pamoja. Katika gari letu betri mbili huunganishwa kwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti hubaki 12.

Mlinzi wa mlango

Lakini ukiziunganisha betri mbili kwa waya tu, hujafanya kitu. Jokofu litazinyonya zote mbili usiku, na asubuhi zote zitakuwa hoi. Ni lazima pawe na kitu cha kuziunganisha injini inapozunguka na kuzitenganisha injini inapozimwa. Kitu hicho huitwa rilei. Ni swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe.

Rilei hujuaje kwamba injini inazunguka? Hupima volti. Betri iliyojaa na kutulia huwa na volti 12.6 hivi. Alternata inapofanya kazi, volti hupanda hadi 14 hivi. Basi rilei nyingi hutengenezwa ili ziunganishe betri volti zinapofika 13.3 hivi, na kuzitenganisha zinaposhuka chini ya 12.8 hivi. Hivyo betri kuu hutangulia kujazwa, kisha ya pili hupata zamu yake. Injini ikizimwa, mlango hufungwa, na jokofu hula katika betri ya pili tu.

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, alternata huongozwa na kompyuta na volti zake hupandishwa na kushushwa. Rilei ya kawaida hudanganyika. Mafundi hutumia hapo chaja maalumu inayopokea volti za alternata na kuipa betri ya pili volti inazozihitaji.

Jaribio

Tafuta betri mbili mpya za tochi zilizo sawa, balbu mbili ndogo za tochi, vipande vya waya na swichi moja. Usitumie betri ya gari wala umeme wa nyumbani.

Unganisha chini za betri zote mbili (upande wa hasi) kwa waya mmoja. Waya huo ni mfano wa bodi la gari. Unganisha vichwa vyake (upande wa chanya) kwa waya wenye swichi katikati. Swichi ni mfano wa rilei. Sasa fungua swichi, ili betri zitengane. Washa balbu moja kwa betri ya pili na kuiacha ikiwaka mpaka mwanga wake ufifie. Kazi hii yaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo anza asubuhi. Balbu ikiisha kufifia, washa balbu nyingine kwa betri ya kwanza. Inawakaje?

Kisha tafuta betri mpya na kurudia jaribio, lakini safari hii acha swichi ikiwa imefungwa, ili umeme upite. Acha balbu moja iwake kwa muda mrefu zaidi, mpaka ififie. Washa ya pili. Unaona tofauti gani? Eleza kwa nini.

Kazi ya fundi

Betri ya pili yaweza kuwekwa chini ya boneti kama nafasi ipo, au nyuma ya gari. Popote ilipo, ni lazima ifungwe kwa nguvu katika kitako cha chuma. Barabara mbaya huitikisa betri, na mabamba yake huvunjika na kumomonyoka. Ikiwekwa ndani walimokaa watu, iwe katika sanduku lenye njia ya kupitisha hewa hadi nje, kwa sababu betri inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni. Cheche moja yatosha kuilipua hewa hiyo. Ndiyo maana havuti mtu sigara karibu na betri inayojazwa.

Waya utokao betri kuu hadi betri ya pili hauna budi kuwa mnene. Waya ni kama bomba la maji: ukiwa mwembamba na mrefu, umeme hupita kwa shida na waya hupata moto. Waya mwembamba waweza kula volti nzima njiani. Alternata itatoa volti 14, betri ya pili itapata 13, na haitajaa hata gari likienda siku nzima. Wateja wengi hulaumu betri kumbe kosa ni la waya.

Waya huo hutiwa fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake. Kwa nini si moja? Kwa sababu waya huu una betri kila upande. Ukichubuka na kugusa bodi, umeme utaujia kutoka pande zote mbili. Fyuzi moja ingezuia upande mmoja tu. Upande wa pili ungeendelea kuuchoma waya mpaka gari liwake moto. Wako watu ambao fyuzi ikikatika huweka kipande cha waya au msumari mahali pake. Huo si ufundi hata kidogo.

Fundi anapoanza kazi, huvua pete na saa, kisha hufungua kwanza waya wa hasi wa betri. Anapomaliza, huo ndio anaoufunga mwisho. Sababu yake ni hii: hasi imeunganishwa na bodi la gari. Akianza na chanya, na spana yake ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita katika spana. Spana itawaka nyekundu na kumchoma mkono. Hasi ikiwa imekwisha kutolewa, spana ikigusa bodi hapatokei kitu.

Asidi ya betri huunguza ngozi na macho na kutoboa nguo. Ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali.

Betri iliyokufa

Betri hazidumu milele. Betri kuukuu hununuliwa, kwa kuwa risasi iliyomo huyeyushwa na kutumiwa tena. Jambo hilo ni jema likifanyika katika kiwanda chenye ulinzi. Likifanyika uani kwa moto wa mkaa, moshi na vumbi la risasi huingia katika udongo, maji na damu. Risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima, kwani huharibu ubongo unaokua.

Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watoto na watu wazima waliugua. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake alipatwa na sumu ya risasi, aliongoza madai ya wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Ukiona betri kuukuu imetupwa, usiivunje, usiichezee, wala usimwage maji yake mferejini. Mwambie mtu mzima.

Maswali

1. Kwa nini betri ya gari la kawaida haiishi upesi ingawa starta hutumia umeme mwingi?
2. Betri ya pili ni ya ampea-saa 120. Jokofu hutumia ampea 3 na taa ampea 1. Ikiwa tutatumia nusu ya umeme wa betri, vitafanya kazi kwa saa ngapi?
3. Rilei ya gari fulani imeharibika, na haijifungui injini inapozimwa. Dereva atakuta nini asubuhi?
4. Mtembelee fundi umeme wa magari aliye karibu na shule yako. Muulize hupima betri kwa chombo gani, na betri zilizokufa huzipeleka wapi. Andika majibu yake katika daftari lako.