Baada ya Upasuaji: Tumsaidie Mgonjwa Kuinuka

Ndugu yetu akitoka kufanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, mara nyingi tunamwambia, “Lala tu, usijisumbue.” Twasema hivyo kwa upendo, lakini kulala muda mrefu kunaweza kumdhuru. Damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na bonge lake likifika mapafuni linaweza kumuua. Asipovuta pumzi ndefu, makohozi hubaki kifuani na kumletea nimonia.

Basi, daktari au muuguzi akisharuhusu:

1. Tumsaidie kuketi, kusimama, kisha kutembea hatua chache, mara kadhaa kwa siku.
2. Anapokohoa, akumbatie mto juu ya mshono ili kupunguza maumivu.
3. Apewe dawa za maumivu kwa saa zilizopangwa. Anayeumia sana hawezi kutembea wala kupumua vizuri.
4. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda.

Arudishwe hospitali mara moja akipata homa, mshono ukitoa usaha au kufunguka, mguu mmoja ukivimba, au akibanwa na pumzi.

Tunapomtembelea mgonjwa, tusali pamoja naye, kisha tumpe mkono ainuke.