Desemba ya Kulala: Kijitabu cha Nyumba Zinazosafiri na Zinazopokea Wageni

Ikifika katikati ya Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi, Rombo, Same na Mbeya hujaa. Wachaga husema wanakwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu, na siku hizi hata wasio Wachaga wanasema hivyo. Ni safari njema, na tunaitakia heri. Tatizo ni kwamba katika wiki hizo hizo watu wengi hulala vibaya, na nyumba hulichukulia jambo hilo kuwa sehemu ya sikukuu.

Januari inapoingia kitandani

Anayegeuka kitandani hadi alfajiri wakati wa sikukuu mara nyingi anawaza fedha. Nauli imeshalipwa, mbuzi ameshachangiwa, watoto wamevaa, na mbele kuna Januari. Shule za serikali hazidai ada, lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi. Wa shule binafsi anadaiwa ada yenyewe. Mpangaji naye huenda anasubiriwa na kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Mtu akiwa na wasiwasi, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kumweka macho. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Mwili hauna namna ya kujua kwamba deni haliwezi kulipwa saa nane za usiku.

Kwa hiyo usingizi wa sikukuu huandaliwa mchana, tena kabla tiketi haijakatwa. Wanaoshika mfuko wa nyumba wakae na daftari mapema Desemba. Waandike mambo ya Januari kwanza na kuzitenga fedha zake mahali pasipoguswa ovyo, iwe kwenye kikoba, benki au akiba ya simu. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kisipotosha, wapige simu nyumbani mapema: “Mama, tunakuja, ila mwaka huu mbuzi hatutamweza. Tutaleta mchele na mafuta.” Ni maneno mazito, hasa kwa kijana anayetazamwa na ukoo mzima, na wapo wanaokopa ili wasiyaseme. Sisi tunaamini mzazi aliyeambiwa mapema hupanga mambo yake kwa amani. Anayeumia ni yule aliyekuja kujua mkesha wa Krismasi.

Mawazo yakiendelea kurudi, yape dakika 15 za jioni, mbali na kitanda. Yaandike, na kila moja uliandikie hatua ya kesho. Ukiwa umelala na usingizi umekataa kwa kama dakika 20, inuka, kaa penye mwanga hafifu bila simu, vuta pumzi taratibu puani na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Rudi kitandani macho yakilegea.

Anayepika analala saa ngapi?

Swali hili haliulizwi vya kutosha. Mama wa nyumba, mkwe au binti wa kazi analala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri kuchemsha maji. Hizo ni saa nne, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Siku tano za namna hiyo humwachia pengo la saa 15. Kukosa usingizi hupandisha presha, huvuruga sukari ya mwenye kisukari, na huleta zile hasira za ghafla ambazo baadaye huitwa ugomvi wa mawifi.

Wekeni kanuni moja: aliyelala wa mwisho jana asiwe wa kuamka wa kwanza leo. Wanaume na vijana waingie zamu ya vyombo, maji na kuni, wala wasisubiri kuombwa. Bibi na babu wasihamishwe kitandani kwao kupisha wageni. Wageni watakaolala sebuleni waje na vyandarua vyao.

Kahawa, pombe na piritoni

Saa tano hivi baada ya kunywa kahawa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kahawa, chai ya rangi, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana. Bia na mbege humlaza mtu haraka, kisha humkatia usingizi nusu ya pili ya usiku.

Piritoni ni dawa ya mzio. Wanaoimeza ili walale huamka na uzito kichwani, jambo la hatari kwa dereva, na wazee inaweza kuwachanganya hadi wakaanguka. Kuchanganya dawa yoyote ya usingizi na pombe kunaweza kudhoofisha upumuaji.

Dereva

Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini karibu sawa na aliyekunywa pombe. Kufungua dirisha au kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Egesha mahali salama, Korogwe, Mombo au Same, ulale dakika 15 hadi 20. Nawe uliyefunga mizigo hadi usiku wa manane, usiondoke alfajiri hiyo.

Watoto, wafiwa, na wanaohitaji msaada

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Mkesha mmoja haumdhuru. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mrudishieni saa yake ya kulala kidogo kidogo.

Mfiwa anayeadhimisha sikukuu ya kwanza bila mpendwa wake asilazimishwe kuchangamka. Mtajeni marehemu kwa jina mezani, na mfiwa akitaka kwenda kulala mapema, aachwe.

Wenye presha na kisukari wasafiri na dawa za kutosha hadi siku ya kurudi. Anayekosa usingizi usiku mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, au aliyenyong'onyea kwa wiki mbili mfululizo, aende zahanati au kituo cha afya. Akisema hataki kuishi tena, asiachwe peke yake. Sumu za shambani zifungiwe, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Krismasi. Kwa ushauri, namba ya Wizara ya Afya ni 199, na kuipiga ni bure.