Mtoto anayeharisha asinyimwe maji

Baba anatoka zamu ya usiku, anakuta mtoto wa mwaka mmoja anaharisha tangu jana. Mama ameacha kumpa maji «ili tumbo likauke». Mama huyu anampenda mtoto wake, lakini hapo anakosea sana. Kinachoua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa na maji na chumvi ya mwili, na mtoto mdogo anakaukiwa kwa saa chache tu.

Mama, mpe ziwa mara nyingi kuliko siku zote. Chukua pakiti ya SRO kwenye dispensere. Ikikosekana: maji yaliyochemshwa na kupoa litri 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko visawazishwe, visijazwe juu: chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Onja kwanza, yasipite machozi kwa chumvi. Kila akiharisha, mpe robo ya kikombe hadi nusu, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Kesho tengeneza mengine. Uji asinyimwe.

Na kumpiga bomba la dawa kwa nyuma? Hapana, hata bibi akishauri!

Baba, usilale kwanza. Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akitoa damu chooni, au akishindwa kunywa, mpeleke lopitali mara moja. Uliza munganga vidonge vya zinki: vinatolewa siku 10 hadi 14, na vimalizwe hata kama kuhara kumekwisha.