Dondoo Muhimu: Mzazi anapomruhusu mtoto kunywa

Nkome ni mwalo wa wavuvi katika mkoa wa dhahabu, Geita, Tanzania. Fedha hupatikana leo leo, na kijana wa miaka 15 aliyekwisha kuvuta nyavu huonekana mtu mzima. Baadhi ya wazazi humpa pombe wakisema, “Bora anywe nyumbani nikimwona.” Kiongozi wa kikundi cha vijana afanye nini?

Mwendee mzazi kwake, faraghani. Usimseme mbele ya kikundi wala kumpa mtoto ujumbe ampelekee. Anza na shikamoo, msikilize, kisha mweleze kwamba ubongo unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, na anayeanza kunywa mapema huwa hatarini zaidi kuwa mlevi. Ukubwani, kazi ya majini haivumilii ulevi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe. Gongo ni haramu hata kwa mzazi mwenyewe. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku 2017.

Kanuni ya kikundi isiyumbe: safari, kambi na sherehe zote bila pombe, hata mzazi akiruhusu. Viongozi nanyi msinywe mbele ya vijana.

Usimfukuze kijana aliyekunywa. Kikundi huenda ndicho mahali pake pekee pa kukaa jioni bila chupa.

Ukiona kipigo, njaa au mtoto kutumwa kuuza gongo, usisuluhishe peke yako. Mwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, bure.