Tiba ya Homoni Wakati wa Kukoma Hedhi: Madhara ya Kupita na Dalili za Hatari

Julai ni mwezi wa baridi kali Eldoret. Hata hivyo, kuna akina mama Kimumu ambao huamka usiku wakiwa wamelowa jasho, wakatupa blanketi na kufungua dirisha. Si malaria. Kwa wanawake wengi, hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, na mwili unapopunguza homoni ya estrojeni, joto la ghafla, kukosa usingizi na ukavu ukeni hufuata.

Dalili zikizidi, daktari anaweza kupendekeza tiba ya homoni, yaani kumrudishia mama estrojeni kwa tembe, bandiko la ngozi au jeli. Tiba hii husaidia, lakini inapoanza huja na mabadiliko mwilini. Wapo wanaoogopa na kuiacha wiki ya pili. Wapo pia wanaovumilia hata dalili ambayo ingewafikisha hospitalini siku hiyo hiyo. Mama akijua tofauti, hatafanya kosa lolote kati ya haya mawili.

Yanayotarajiwa mwanzoni

Matiti huuma au kujaa. Kichefuchefu hutokea, hasa kwa wanaomeza tembe. Kumeza pamoja na chakula hupunguza tatizo hilo. Kichwa kinaweza kuuma, tumbo kujaa gesi, misuli ya miguu kukaza na hisia kubadilika. Anayetumia bandiko anaweza kuwashwa na ngozi. Husaidia kulibandika mahali tofauti kila mara.

Mengi ya haya hupungua ndani ya miezi mitatu. Damu kidogo ya matone pia inaweza kuonekana katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Ikiendelea baada ya hapo, ikiwa nyingi, au ikianza baada ya kipindi kirefu bila damu, ni lazima mama achunguzwe. Iwapo madhara yanasumbua, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina ya dawa.

Yasiyosubiri kesho

Estrojeni, hasa ya kumeza, huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Mama anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja akiona:

• mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, hasa kwenye shavu la mguu;
• maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ghafla au kukohoa damu;
• kichwa kuuma vikali kwa ghafla, macho kukosa kuona vizuri, uso kupinda, au mkono au mguu kukosa nguvu;
• macho au ngozi kuwa ya manjano.

Hofu ilitoka wapi?

Mwaka wa 2002, utafiti wa Women's Health Initiative nchini Marekani, uliohusisha wanawake 16,608 waliokuwa na mfuko wa uzazi, ulisitisha mapema sehemu iliyopima estrojeni pamoja na projestini. Kati ya kila wanawake 10,000 waliotumia dawa hizo kwa mwaka mmoja, kulipatikana visa 8 zaidi vya saratani ya matiti na 8 zaidi vya kiharusi, huku visa vya kuvunjika nyonga vikipungua kwa 5. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Kwa mama mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijamaliza miaka 10 tangu ikome, faida kwa kawaida huwa kubwa kuliko hatari.

Kabla ya kuanza

Daktari aambiwe ukweli wote: kama mama amewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi, ugonjwa wa ini, au damu ukeni isiyojulikana chanzo. Dawa nyingine nazo zitajwe. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni.

Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwa sababu huongeza unene wa ukuta wa mfuko huo na inaweza kuleta saratani. Huongezewa projesteroni. Ndiyo maana kuazima tembe za jirani, au kununua dawani bila kupimwa, ni hatari.

Presha ipimwe kabla ya kuanza na baadaye mara kwa mara. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba za Kimumu hubeba mashine ya kupima presha, na kipimo huchukua dakika chache. Tena, tiba hii si njia ya kupanga uzazi. Mama ambaye hedhi yake bado inaonekana mara moja moja anaweza kushika mimba.

Aliye na swali aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako akihitaji daktari bingwa ataandikiwa rufaa. Aende na dawa zote anazotumia, pamoja na tarehe ya hedhi yake ya mwisho.